Taa ya Balkoni: Kaka Yuko Melini, Mama Hazimi Taa



Najua nimepotea. Wiki tatu sijatia neno hapa, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko bwana. Ni majaribio tu yaliyofuatana, pamoja na madesa ya watu ambayo hata mwenyewe aliyeyaandika hawezi kuyasoma. Leo nimepata upenyo na nataka kuongea habari ya taa. Ndiyo, taa. Nivumilieni, mtaona ninakoelekea.

Ilianza usiku mmoja mimi na mwenzangu wa chumbani tukirudi kutoka mjini. Daladala ilitushusha mbali, tukapiga mguu kupanda kilima. Huku UDOM mnajua kulivyo usiku: pori, giza, upepo wa Dodoma unaokupiga vumbi la uso... halafu ghafla hosteli hizo mbele yako. Ghorofa juu ya ghorofa, kila moja na mstari wake wa taa. Jamaa akasimama katikati ya njia akasema, "Oya cheki, hii si meli hii? Meli ya watalii imekwama Chimwaga!"

Tulicheka sana. Ila mimi lile neno lilinikaa, kwa sababu kaka yangu mkubwa anafanya kazi kwenye meli za aina hiyo, na kwa miezi kadhaa nyumbani kwetu tuligombana kwa ajili ya taa moja tu.

Kwa wasiomjua: kaka alisomea mambo ya hoteli, akafanya kazi Zanzibar miaka kadhaa, kisha akapata mkataba wa miezi tisa melini kuanzia Julai 2024. Ni mhudumu wa vyumba. Watu wa Kibaigwa wakisikia "yuko melini" wanadhani anakula upepo kwenye balkoni na miwani ya jua. Wapi! Wafanyakazi wanalala chini kabisa, karibu na usawa wa maji, wawili chumba kimoja, kitanda juu ya kitanda. Chumba cha kaka hakina hata dirisha. Balkoni anaziona kwa sababu anazisafisha.

Na kila jioni anazizima taa. Hiyo ni sehemu ya kazi yake. Wageni wakienda kula, yeye anapita chumba kwa chumba: anaweka kitanda sawa, anabadilisha taulo, anafunga pazia, na kama mgeni ameacha taa ya balkoni inawaka, anaizima. Nilipomuuliza kwa nini, maana mtu amelipa dola zake si aachwe na taa yake, alinicheka. Akaniambia, "Mdogo wangu, huku taa si ya kwako peke yako."

Basi akanipa somo. Nalileta kwenu kama nilivyolielewa.

Meli usiku inazungumza kwa taa. Ukiwa umesimama ndani yake unaangalia mbele, kushoto kuna taa nyekundu, kulia ya kijani, nyuma nyeupe, na juu mlingotini nyeupe zinazoonekana kutoka mbele. Nahodha wa meli nyingine akiona nyekundu anajua anatazama ubavu wa kushoto wa mwenzake. Akiona nyekundu na kijani kwa pamoja, anajua meli inamjia uso kwa uso, afanye jambo haraka. Kwa meli ya mita 50 na kuendelea, hizo za pembeni zinatakiwa zionekane angalau maili 3 za baharini, kama kilomita 5 na nusu, na ya mlingotini maili 6. Haya yapo kwenye kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia meli zisigongane. Kanuni ya 20 inasema toka jua linapozama mpaka linapochomoza, meli isiwashe taa nyingine zinazoweza kudhaniwa ndizo zile, au kuzififisha, au kumsumbua mtu anayeangalia mbele.

Sasa piga picha meli yenye balkoni mamia kwa mamia, na kila mtu ana taa anayoipenda. Huyu kaleta vitaa vya Krismasi, vyekundu na kijani, kavining'iniza kwenye reli. Yule kaacha taa nyeupe kali mpaka asubuhi. Ndiyo maana taa za balkoni zenyewe mara nyingi ni ndogo, zimewekwa kwenye ukuta na zinamulika chini, zisirushe mwanga kwenda baharini. Na meli hazifanani: kuna ambazo mgeni ana swichi yake karibu na mlango, na kuna ambazo zinawashwa na kuzimwa kwa pamoja na watu wa meli.

Kingine ni macho. Chumba cha usukani usiku huwa giza kabisa, vioo tu na mwanga hafifu wa mitambo. Macho ya binadamu yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, lakini mwanga mkali wa sekunde chache unaharibu yote, unaanza upya. Kwa hiyo wageni wenye vyumba vinavyotazama mbele, chini ya usukani, huombwa wafunge mapazia usiku. Huwezi kukaa kwenye taa na wakati huohuo ukaona gizani.

Kama huamini, fanya jaribio hili, nililifanya mwenyewe. Simama koridoni chini ya taa, tazama upande wa porini. Utaona ukuta mweusi tu. Halafu teremka, nenda nyuma ya jengo, ukae robo saa bila simu. Bila simu, nimesema! Utaanza kuona njia, kichaka, mbwa aliyelala, vilima. Na wewe kumbe muda wote ulipokuwa juu kwenye taa, aliyekuwa gizani alikuwa anakuona mpaka vifungo vya shati.

Halafu kuna viumbe. Kaka anasema meli ikipita njia za ndege wakati wa kuhama, taa zinawavuta, wanajigonga na kuanguka juu ya meli. Kule South Georgia, visiwa vya kusini kabisa mwa Atlantiki, meli zinatakiwa zipunguze taa za nje na kuziba madirisha usiku kwa ajili ya ndege wa baharini. Hili halikunipa tabu kulielewa, mtu wa Dodoma nishindwe? Mvua ya kwanza ikinyesha, washa taa ya nje uone kumbikumbi watakavyokuja. Tulipokuwa wadogo Bibi alikuwa anaweka beseni la maji chini ya taa, asubuhi tunakaanga. Taa inaita. Wewe umeiwasha kwa ajili ya kuona, wao wanasikia wameitwa.

Mwenzangu wa chumbani ni mtu wa mwisho wa reli, Kigoma, na hapo akadakia. Kwao taa ndiyo nyavu yenyewe. Usiku usio na mwezi wavuvi wa Tanganyika wanaingia ziwani na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, dagaa wanakuja kwenye mwanga, wanachotwa. Ukisimama ufukweni unaona mji mzima umewaka juu ya maji. Na meli ya Liemba ilipokuwa inapita vijiji visivyo na gati, watu walikuwa wanaziona taa zake kwa mbali, wanaamshana, mitumbwi inatoka kwenda kushusha na kupandisha abiria gizani. Huko taa ya meli ni habari njema.

Alipoitaja Liemba nikaenda kusoma kidogo, nikakutana na jambo lililonifurahisha. Ile meli ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwenye karakana ya Meyer. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa treni kuelekea Kigoma, ikaungwa tena na kushushwa ziwani Februari 1915. Reli ni hii ya kati. Yaani vipande vya meli vilipita Dodoma hapa, katikati ya nchi kavu! Na karakana hiyohiyo ya Meyer ndiyo baadaye ikawa maarufu kwa kutengeneza meli kubwa za watalii, hizi zenye balkoni mpaka juu. Kwa hiyo jamaa aliposema meli imekwama Chimwaga hakukosea sana. Meli ilishapita huku, ila haikushuka, hahaha.

Haya. Sasa nije nyumbani.

Agosti 2024 Bibi alifariki. Bibi ndiye aliyemlea kaka, maana alizaliwa mama akiwa bado msichana mdogo. Kaka alikuwa na mwezi mmoja tu kwenye mkataba, meli iko Mediterania. Ujumbe nilimtumia mimi. Sitausahau, niliuandika na kuufuta mara tano. Aliupata jioni, katikati ya zamu ya vyumba. Akamalizia vyumba vilivyobaki, akazima taa zote kama kawaida, ndipo akaenda kwenye omo ya meli, yaani kule puani, kuna sehemu ya wafanyakazi ambayo usiku haiwashwi taa kwa sababu iko mbele ya usukani. Aliniambia, "Nilishukuru kuna giza."

Hakuja kuzika. Asingeweza kufika.

Baada ya matanga ndipo nikagundua taa ya kibarazani kwetu haizimwi. Ni globu ya zamani, ile ya njano, wati 60, iko juu ya mlango wa mbele. Jioni inawaka, asubuhi bado. Mwanzoni nilidhani mama anasahau. Nikawa nikija wikiendi naizima mimi. Asubuhi naikuta inawaka.

Mimi msomi wa chuo kikuu nikamfanyia hesabu. Nikamwambia, mama, wati 60 kwa saa 12 ni uniti 0.72 kwa usiku mmoja. Kwa mwezi ni uniti 21 na kitu. Hiyo ni LUKU unaichoma bure, na mimi huku bumu likikata nakupigia simu unitumie ya kula. Nikaongeza na somo la kaka: kwenye meli taa ya balkoni inazimwa, tena kwa kanuni za kimataifa!

Akaniangalia. Akasema, "Hapa si melini."

Nikanyamaza, lakini ule usiku nikaizima tena. Kama saa nane hivi nikasikia swichi. Nikatoka na hasira kidogo, nikamkuta amekaa kwenye kigoda kibarazani, amejifunga kitenge. Nikamuuliza, "Mama, unamwangazia nani?" Akasema mabasi siku hizi yanatembea usiku. (Ni kweli, tangu mwaka 2023 yameruhusiwa.) "Likimshusha barabarani saa hizi, atajuaje nyumba?" Nikamwambia kaka anaijua nyumba, na mkataba wake unaisha Aprili. Hapo akasema neno ambalo lilinimaliza: "Bibi yako amekufa akiuliza kama amefika. Mimi nitakuwa naangalia."

Sikuigusa tena ile swichi.

Nilimsimulia kaka. Alikaa kimya muda mrefu kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akanieleza kuhusu mzee mmoja, abiria, aliyekuwa anawasha taa ya balkoni kila usiku na kuacha pazia wazi. Kaka anazima, mzee anawasha. Ikabidi aende kumuuliza kwa adabu. Kumbe mke wa mzee alikuwa anaamka usiku na kupotea humohumo chumbani, hajui yuko wapi, anaogopa. Kaka hakubishana naye habari ya kanuni. Alifunga pazia, akaacha taa ya bafuni inawaka na mlango umerudishwa nusu, mwanga ukaanguka sakafuni njia nzima mpaka kitandani. Mama yule akaiona njia, na nje kukabaki giza. "Usimwambie mtu azime," kaka akasema. "Muulize kwanza anamulika nini."

Jamani, nimekaa vyuoni miaka yote hii sijapewa somo fupi kama hilo.

Mwisho wa Januari 2025 nilikuwa nyumbani. Meli ya kaka msimu ule ilikuwa inazunguka Ghuba: Dubai, Abu Dhabi, Doha, na Mascati. Siku hiyo walikuwa Mascati, alikuwa ameshuka kidogo soko la Matrah kununua ubani, na muuzaji aliposikia ni Mtanzania akamjibu kwa Kiswahili cha Unguja, safi kuliko cha kwetu. Alifurahi kama mtoto. Usiku akapiga simu ya video, saa mbili kwetu, saa tatu kwao, meli imeshatoka bandarini. Alikuwa kule kwenye omo gizani. Skrini yote nyeusi, tunasikia upepo na sauti yake tu.

Mama akasema, "Mbona sikuoni? Washa taa nikuone!"

Kaka akajibu, "Mama, huku haturuhusiwi. Toka nje wewe. Angalia juu, Kilimia unakiona?"

Mvua ilikuwa imenyesha mchana, mawingu yameondoka, mwezi hakuna. Tukatoka kibarazani. Globu ile inatuchoma usoni, hatuoni kitu. Mama akaweka mkono juu ya macho, wapi. Kaka akasema polepole, "Mama, zima taa kidogo. Kidogo tu."

Nilijua atakataa. Alisimama pale, ameshika simu. Halafu akanyoosha mkono mwenyewe akazima.

Tulikaa kama dakika kumi bila mtu kusema kitu cha maana. Polepole zikaanza kutoka, chache, kisha nyingi, kisha mbingu yote. Upande wa kaskazini, juu, kile kikundi kidogo cha nyota zilizobanana, Kilimia, na si mbali nacho moja kubwa inang'aa sana, kaka akasema ile ni sayari ya Mshtarii. Mama akasema Bibi alikuwa anakitazama Kilimia kabla hajaanza kulima. Kaka akasema kwake kimeshaanza kuinamia magharibi, ila ni hichohicho. Nikasikia mama anapumua. Akamwambia, "Haya baba. Nimekuona."

Kisha akawasha taa, hahaha. Mama ni mama.

Kesho yake nikafanya alichofanya kaka kwa yule mzee. Nilinunua globu ya LED ya wati 5, ya mwanga wa njano si ile nyeupe ya kuumiza macho. Nikakata kopo la maziwa ya unga, nikalifanya kofia, mwanga uende chini tu: mlango, ngazi mbili, na kipande cha njia. Mwezi mzima haifiki hata uniti 2. Na ukikaa pembeni ya kibaraza unaona nyota. Mama alizunguka, akaenda mpaka kule njiani, akaangalia nyumba kwa mbali, akarudi. "Mlango unaonekana," akasema. Tukamaliza.

Kaka alirudi Aprili. Saa saba mchana, jua la Kibaigwa linapasua kichwa, taa imezimwa! Miezi yote ile ya kukesha, jamaa anashuka na begi lake mchana kweupe. Mama alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sijui kipi kilitangulia. Jioni tulikwenda watatu kaburini kwa Bibi, kaka akachoma ubani kidogo, tukarudi giza linaingia.

Usiku tulikaa kibarazani mpaka saa sita, chini ya kopo langu la maziwa, kaka anasimulia. Mama akatoka, akatuangalia, akatuambia tuingie tukalale. Tukaingia. Nyuma yetu nikasikia swichi: taa imezimwa. Akasema tu, "Wote mpo."

Kaka ameshaondoka tena, mkataba mwingine. Kwa hiyo kama unapita Kibaigwa na basi la usiku, ukaona kule upande wa mashamba kitaa kidogo cha njano kinachomulika chini, usidhani kuna duka. Ni mama.

Na wewe unayelala chumba cha jirani unayeacha taa ya koridoni inamulika dirisha langu mpaka alfajiri, nilikuwa nimepanga kukuchana hapa. Nimebadili mawazo. Nitakuja kukuuliza kwanza unamulika nini.

Tuko pamoja. Nina jaribio kesho saa mbili asubuhi, naenda kuzima taa.